Karakana na Kilio: Kibeti Mtengenezaji wa Vitu vya Kuchezea katika Fantasia ya Ulaya

1.0 Utangulizi

Katika fasihi ya fantasia ya Ulaya yumo mhusika mmoja anayejitokeza mara kwa mara, ingawa ni nadra kupewa nafasi ya shujaa. Mhusika huyu ni fundi wa kimo kifupi, au fundi aliyedhalilika kwa namna nyingine, ambaye hushinda karakanani akichonga, akifua na kupaka rangi vitu vya kuchezea watoto au vitu vinavyofanana navyo. Mara nyingi nyuma ya kazi yake upo msiba. Amefiwa na mwana, amekimbiwa na mke, au ameporwa nchi ya wazee wake, naye hujibu msiba huo kwa mikono kabla ya kuujibu kwa maneno.

Wasomaji wengi huichukulia picha hii kuwa nyepesi: kazi humsahaulisha mtu majonzi, na kicheko cha mtoto hufuta machozi ya mzee. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshelezi. Zikisomwa kwa makini, kazi zinazomhusu fundi mfiwa hazidai kwamba ufundi huponya. Zinadai kwamba ufundi ni mahali ambapo majonzi hupata umbo, na kwamba umbo hilo linaweza kumwokoa fundi au kumwangamiza. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili hutegemea uhusiano wa fundi na kile alichokiumba, hasa kama yuko tayari kukiachia.

Hoja hiyo itajengwa kwa kutumia mifano minne: shairi la Kinorsi la kale kuhusu mhunzi Völund, hadithi ya Charles Dickens, The Cricket on the Hearth (1845), filamu ya Guillermo del Toro kuhusu Pinocchio (2022), na maandishi ya J.R.R. Tolkien kuhusu vibeti. Mifano mitatu ya mwanzo inapitiwa kwa muhtasari ili kuonyesha njia ambazo fundi mfiwa anaweza kuzifuata. Mfano wa nne unajadiliwa kwa mapana kwa sababu ndio unaomkutanisha kibeti, kitu cha kuchezea na msiba katika mfumo mmoja wa mawazo.

2.0 Suala la Istilahi

Kabla ya uchambuzi, ni muhimu kufafanua maneno matatu. La kwanza ni jina la mhusika mwenyewe. Kamusi za Kiswahili hutoa maneno mbilikimo na kibeti (au kibete) kwa maana ya mtu mfupi sana. Neno mbilikimo lina historia yake katika misafara ya bara, ambako lilitumiwa kuwataja watu wafupi wa misitu ya Kongo. Hao ni watu halisi, wenye lugha, makazi na historia. Kulitumia jina lao kwa viumbe wa kubuni wanaoishi chini ya milima ya Kaskazini ni kuchanganya mambo mawili yasiyohusiana, tena kwa namna inayowavunjia heshima watu hao. Kwa hiyo makala hii inatumia neno kibeti, kwa maana ya kiumbe wa ngano za Kijerumani na Kinorsi aliye mfupi, mwenye ndevu, anayeishi katika miamba na kusifika kwa uhunzi. Maana hiyo haimhusu binadamu yeyote mwenye kimo kifupi.

Neno la pili ni kile kinachotengenezwa. Kiswahili kina utajiri hapa. Mwanasesere ni mtoto wa bandia ambaye mtoto halisi humlea. Karagosi ni sanamu inayochezeshwa kwa mkono au kwa nyuzi, na neno hili lina nasaba na Karagöz, mhusika mkuu wa mchezo wa vivuli wa Kituruki. Kinyago ni sanamu au sura iliyochongwa, na hubeba uzito wa ibada na jando ambao mwanasesere hana. Tofauti hizi ni zana za uhakiki. Mwanasesere hupokea upendo, karagosi hupokea amri, na kinyago hubeba kitu kilichokipita kimo cha mchongaji wake. Itaonekana kwamba fundi mfiwa hukosea pale anapodhani anatengeneza kimoja kumbe anatengeneza kingine.

Neno la tatu ni uombolezaji. Linatumiwa hapa kwa maana pana: si kilio cha siku za matanga pekee, bali kazi yote ya moyo na ya jamii inayomwezesha mfiwa kuishi katika ulimwengu ambamo aliyempenda hayumo tena.

3.0 Misingi ya Kinadharia

Mjadala wa kitaaluma kuhusu uombolezaji una mhimili wake katika insha ya Sigmund Freud ya mwaka 1917 kuhusu uombolezaji na huzuni kuu. Kwa mujibu wa Freud, kuomboleza ni kazi: mfiwa huondoa mapenzi yake kutoka kwa aliyepotea, kidogo kidogo na kwa maumivu, hadi aweze kuyaelekeza kwingine. Kazi hiyo isipofanyika, mtu humezwa na kivuli cha aliyemkosa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1920, Freud alieleza mchezo wa mtoto wa umri wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa akitupa kigurudumu cha mti cha kuzungushia uzi hadi kisionekane, kisha kukivuta tena kwa furaha. Freud aliufasiri mchezo huo kuwa ni namna ya mtoto kuikabili hali ya mama yake kuondoka. Jambo ambalo hakuweza kulizuia, alijifanya kuwa yeye ndiye anayelitenda. Hapo kitu cha kuchezea kinaingia katika nadharia ya msiba.

Daktari Mwingereza D.W. Winnicott alilipeleka wazo hilo mbele katika makala yake ya mwaka 1953. Alionyesha kuwa kile kitambaa au kidubu ambacho mtoto mchanga hakiachi si sehemu ya nafsi yake wala si kitu cha nje kabisa. Kipo katika eneo la kati, na ni katika eneo hilohilo ambamo baadaye sanaa na dini huota mizizi. Kutokana na hoja hiyo, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea anaweza kutazamwa kuwa fundi wa eneo la kati: hutengeneza vitu vinavyomsaidia mtu kuvumilia kutokuwepo kwa mwingine.

Utafiti wa baadaye umerekebisha wazo la Freud kwamba mfiwa lazima akate uhusiano na marehemu. Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, katika kitabu walichokihariri mwaka 1996, walidai kwamba wafiwa wengi hawavunji uhusiano huo bali huubadilisha sura na kuendelea nao. Nao Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999, walieleza kwamba mfiwa huyumba kati ya pande mbili, mara akiukabili msiba, mara akiushughulikia ulimwengu mpya unaomdai mahitaji ya kila siku, na kwamba kuyumba huko ndiko afya yenyewe.

Kutokana na misingi hii, maswali matatu yanaweza kuulizwa kuhusu kila fundi mfiwa. Kwanza, kitu anachokitengeneza kinakusudiwa kuwa nani: aliyepotea, au kitu kipya? Pili, kinatengenezwa kwa ajili ya nani? Tatu, je, fundi yuko tayari kitoke mikononi mwake?

4.0 Uchambuzi wa Mifano

4.1 Völund: Pete za Kungoja

Shairi la Völund limehifadhiwa katika mswada wa Kiaislandi ulioandikwa mnamo 1270, ingawa masimulizi yake ni ya kale zaidi. Völund hatajwi kuwa kibeti, bali huitwa mkuu wa majini wa aina nyingine wa ngano hizo. Hata hivyo, saga nyingine ya Kinorsi inasema alijifunza uhunzi kwa vibeti, na kwa sababu hiyo yumo katika ukoo wa mafundi unaojadiliwa hapa.

Völund na ndugu zake wawili waliwaoa wanawake watatu waliokuja kwa mabawa ya bata-maji. Baada ya miaka kadhaa wanawake hao waliondoka. Ndugu zake walitoka kwenda kuwatafuta, lakini Völund alibaki peke yake akifua pete za dhahabu na kuzitunga katika kamba, akimngoja mkewe arudi. Pete hizo zilifika mia saba. Siku moja alirudi kutoka mawindoni, akazihesabu, akakuta moja haipo. Badala ya kuhofu kuwa ameibiwa, alidhani mkewe amerudi na kuichukua. Alikaa akiwaza hadi usingizi ukamchukua, na alipozinduka alikuwa amefungwa pingu na mfalme Níðuð, ambaye watu wake ndio walioiiba pete.

Tukio hili ni fupi, lakini linaeleza mengi. Pete za Völund hazivaliwi na mtu. Kila moja ni marudio ya iliyotangulia, na wingi wake ni hesabu ya siku za kungoja. Ufundi umekuwa kalenda ya mtu asiyekubali kwamba aliyeondoka ameondoka. Kwa hiyo fundi huyu hawezi kusoma ishara za ulimwengu: pengo katika kamba ya pete analitafsiri kuwa ni kurudi kwa mpenzi.

Baada ya kukatwa mishipa ya miguu na kuwekwa kisiwani ili amfulie mfalme, Völund anaugeuza ufundi kuwa kisasi. Wana wawili wadogo wa mfalme wanavutwa na sanduku la mapambo yanayometa. Wanapoinama kutazama, anawakata vichwa. Kwa mafuvu yao anatengeneza vikombe vya kunywea vilivyozungushiwa fedha, kwa macho yao vito, na kwa meno yao mapambo ya kifuani, kisha anavipeleka kama zawadi kwa wazazi wao na dada yao. Huyu ni kinyume kamili cha mtengenezaji wa vitu vya kuchezea: badala ya kutengeneza vitu kwa ajili ya watoto, anawatengeneza watoto kuwa vitu. Shairi linabainisha mapema, karne nyingi kabla ya saikolojia, kwamba ustadi wa mikono hauna maadili yake wenyewe. Msiba usioombolezwa huweza kuutumia ustadi huo kwa lolote.

4.2 Caleb Plummer: Karakana ya Uongo Mwema

Katika hadithi ya Dickens, Caleb Plummer ni mzee mdogo, aliyekonda, anayemtengenezea tajiri Tackleton vitu vya kuchezea. Koti lake limeshonwa kwa gunia lililofungiwa bidhaa, na maandishi ya bidhaa bado yanasomeka mgongoni. Mwanawe wa kiume alikwenda Amerika ya Kusini na anaaminika kuwa amekufa. Amebaki na binti yake Bertha, ambaye ni kipofu na ambaye humsaidia kuwavika wanasesere.

Caleb anautengeneza ulimwengu mzima kwa ajili ya binti huyo. Kwa maneno yake, nyumba yao iliyochakaa inakuwa ya kupendeza, yeye mwenyewe anakuwa kijana mwenye koti jipya, na Tackleton mkatili anakuwa mfadhili mwenye utani wa ukali. Kwa hakika kazi kubwa ya Caleb si safina za mti anazozichonga, bali picha anayomchongea Bertha. Nia ni njema, lakini matokeo yake ni machungu: Bertha anampenda Tackleton wa kubuni, na moyo wake unavunjika anapopata habari kwamba Tackleton anakusudia kuoa mwingine. Caleb analazimika kukiri.

Kwa kulinganisha na Völund, Caleb anajibu vizuri swali la pili: anatengeneza kwa ajili ya mwingine. Lakini anashindwa katika swali la tatu. Amemweka binti yake ndani ya nyumba ya wanasesere na hataki atoke humo, kwa kuwa humo ndimo baba aliyepoteza mtoto mmoja anapoweza kumlinda huyu wa pili dhidi ya kila kitu. Dickens anamwokoa kwa njia mbili. Bertha anausamehe uongo na kumpenda baba aliyechakaa kuliko yule wa kubuni, na mwana aliyedhaniwa kufa anarudi. Njia ya pili ni ya kifuraha na ya msimu wa Krismasi, nayo inaupunguzia msiba uzito. Njia ya kwanza ndiyo yenye ukweli wa kudumu.

4.3 Geppetto: Mwana wa Msonobari

Ni vyema kukumbuka kwamba katika riwaya ya Carlo Collodi, iliyotoka gazetini kuanzia 1881 na kuwa kitabu mwaka 1883, Geppetto si mfiwa. Anataka karagosi awezaye kucheza ngoma na kupiga sarakasi ili azunguke naye duniani na kujipatia mkate. Msiba uliongezwa na wasanii wa baadaye. Katika filamu ya del Toro na Mark Gustafson ya mwaka 2022, Geppetto alikuwa na mwana, Carlo, aliyeuawa na bomu lililoangushwa juu ya kanisa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tunda la msonobari ambalo Carlo alilipenda linazikwa penye kaburi lake na kuota mti. Miaka baadaye, usiku wa ulevi na hasira, Geppetto anaukata mti huo na kuchonga mwana mwingine, kwa haraka, bila kumkamilisha.

Hapa swali la kwanza ndilo kiini. Geppetto hataki Pinocchio. Anamtaka Carlo, na kila tofauti kati ya wawili hao anaihesabu kuwa kosa la Pinocchio. Msemo unaofahamika sana katika Kiswahili unadai kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Filamu hii inaonyesha kinyume chake: kinyago hiki kinamtisha mchongaji hasa kwa sababu ni yeye aliyekichonga, na kwa sababu kinamwonyesha kwamba mkono wake hauwezi kurudisha kilichokwenda. Kanisani, Pinocchio anaitazama sanamu ya Kristo iliyochongwa na mzee huyohuyo na kushangaa kwa nini watu wanaipenda sanamu ile nao wanamchukia yeye, hali wote wawili ni mti. Utatuzi unakuja pale Geppetto anapotamka kwamba amekosea kumtaka awe mwingine. Pinocchio haachi kuwa mti. Kinachobadilika ni baba.

4.4 Vibeti wa Tolkien

4.4.1 Vibeti kama vitu vya kuchezea

Katika The Silmarillion, kitabu kilichochapishwa mwaka 1977 baada ya kifo cha Tolkien, vibeti wana asili ya pekee. Hawakuumbwa na Ilúvatar, Mungu Mkuu wa ulimwengu huo, bali walitengenezwa kwa siri chini ya mlima na Aulë, mhunzi miongoni mwa wakuu wa malaika, kwa sababu alichoka kuwangoja wana wa Ilúvatar. Ilúvatar anapomkabili, anamweleza kwamba viumbe hao hawana uhai wao wenyewe. Hutembea pale tu Aulë anapowaza kuwatembeza, na akiwaza mengine husimama kimya. Kwa istilahi ya sehemu ya 2.0, ni karagosi.

Utetezi wa Aulë una umuhimu mkubwa kwa mada hii. Anajifananisha na mtoto anayefanya mchezo wa kuiga kazi ya baba yake, bila kukusudia dhihaka. Kisha, kwa machozi, anainua nyundo ili awavunje. Vibeti wanajikunyata na kuomba huruma, na hapo ndipo inapodhihirika kwamba Ilúvatar amekwisha kuwapa uhai: kitu kisicho na nafsi hakiogopi nyundo. Kwa hiyo kibeti wa Tolkien ni kitu cha kuchezea kilichopata kuwa mtu, na alikipata hicho wakati ule fundi wake alipokuwa tayari kumpoteza. Sharti la uhai lilikuwa kuachiliwa. Mfano huu ni kinyume cha Völund, ambaye hakuachia hata pete moja.

4.4.2 Erebor: Msiba wa soko la vitu vya kuchezea

Katika The Hobbit (1937), Thorin anaeleza jinsi watu wake walivyoishi chini ya Mlima wa Upweke kabla ya kuja kwa joka Smaug. Miongoni mwa fahari anazozitaja, pamoja na dhahabu na silaha, ni vitu vya kuchezea vya ajabu, na soko la vitu hivyo katika mji wa Dale, mji wa binadamu uliokuwa bondeni, ambalo lilikuwa maajabu ya Kaskazini. Anakumbuka pia kwamba katika siku zile kila mtu alikuwa na fedha ya kutumia na nafasi ya kutengeneza vitu vizuri kwa ajili ya furaha tu.

Wahakiki huweza kuipita sentensi hiyo kwa haraka, kwa kuwa kisa kinahusu hazina na joka. Hata hivyo, inafaa kuulizwa kwa nini mfalme aliyeporwa nchi anakumbuka vitu vya watoto. Jibu linapatikana katika kile kinachofuata. Baada ya Smaug, vibeti hawaachi kazi. Wanafanya uhunzi wa vijijini na hata kuchimba makaa ili wapate riziki. Ufundi unabaki, kinachokufa ni ufundi usio na lazima. Kitu cha kuchezea hakijengi nyumba wala hakilindi mpaka. Hutengenezwa na mtu mwenye imani kwamba kesho ipo na kwamba watoto watakuwapo kuiona. Kwa hiyo ndicho cha kwanza kutoweka msiba unapoingia, na kutoweka kwake hupima kina cha msiba kuliko idadi ya dhahabu iliyoporwa.

Viambatisho vya The Lord of the Rings (1954–1955) vinaongeza sura nyingine. Kwa kalenda ya ulimwengu huo, Smaug alikuja mwaka 2770 wa Enzi ya Tatu. Miaka ishirini baadaye mfalme Thrór aliuawa kinyama huko Moria, na vita vya kisasi viliishia katika pigano la mwaka 2799 lililoua vibeti wengi kiasi kwamba walionusurika hawakuweza kuwazika kwa desturi yao, yaani katika makaburi ya mawe. Kazi hiyo ingechukua miaka mingi. Wakalazimika kukata miti ya bonde lile na kuwachoma maiti wao, na vizazi vilivyofuata viliwataja waliochomwa kwa heshima ya pekee. Kwa jamii inayoomboleza kwa kuchonga jiwe, kukosa nafasi ya kuchonga ni msiba juu ya msiba.

Thorin mwenyewe ni mfano wa mfiwa aliyekwama. Anaporudi mlimani mwaka 2941, mapenzi yake yote yanaelekezwa kwenye Arkenstone, kito cha wazee wake, na kwa ajili yake yuko tayari kuvunja urafiki. Anapatanishwa na Bilbo akiwa anakufa, na kito kinawekwa kifuani mwake kaburini. Anachokishikilia mfiwa kinazikwa pamoja naye. Kinachobaki hai ni kingine: mwanzoni mwa The Lord of the Rings, miaka sitini baadaye, watoto wa hobiti wanapokea zawadi katika sherehe ya Bilbo, na baadhi yake ni vitu vya kuchezea vya ajabu vilivyoagizwa mwaka mmoja kabla kutoka Mlimani na Dale, kazi halisi ya vibeti. Tolkien haongezi maelezo. Lakini msomaji aliyemsikiliza Thorin anaweza kutambua kuwa soko limefunguliwa tena. Mafundi wenyewe hawatajwi majina, na watoto wanaovichezea si wa kabila lao. Kwa maswali matatu ya makala hii, jibu limetimia: ni vitu vipya, kwa ajili ya wengine, vilivyoachiwa viende mbali.

4.4.3 Gimli na nywele tatu

Gimli anaonyesha jambo hilohilo kwa mtu mmoja. Huko Moria anakuta kaburi la jamaa yake Balin na kujifunika uso kwa kofia ya vazi lake. Muda mfupi baadaye, huko Lórien, anapoulizwa na Galadriel anataka zawadi gani, anaomba unywele mmoja, akapewa tatu. Anapoulizwa atazifanyia nini, anasema kwamba akirudi kwao atazitia ndani ya fuwele isiyoharibika, ziwe urithi wa nyumba yake na ahadi ya wema kati ya Mlima na Msitu. Anaondoka akilia, akijua kuwa hatamwona tena.

Hapa ufundi unafanya kazi ambayo Klass na wenzake waliieleza. Gimli hakusudii kutengeneza sanamu ya Galadriel. Anahifadhi kidogo alichopewa, katika umbo lisilojifanya kuwa mwenyewe, na anakikabidhi kwa vizazi. Uhusiano unaendelea, lakini umebadilika sura.

4.4.4 Mbwa wa risasi

Tolkien mwenyewe hakuwa mgeni wa msiba. Alifiwa na baba mwaka 1896 na mama mwaka 1904, na wawili kati ya marafiki zake wa karibu walikufa vitani mwaka 1916. Si lazima kila kibeti afasiriwe kwa wasifu wa mtunzi. Lakini lipo tukio moja dogo linalohusu mada hii moja kwa moja. Mwaka 1925, familia yake ilipokuwa mapumzikoni Filey, pwani ya Yorkshire, mwanawe Michael, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitano, alipoteza ufukweni mbwa mdogo wa risasi aliyempenda sana. Walimtafuta wasimwone. Baba alimtungia hadithi ya mbwa halisi aliyegeuzwa na mchawi kuwa mbwa wa kuchezea, akapotea ufukweni na kusafiri hadi mwezini na chini ya bahari. Hadithi hiyo, Roverandom, ilichapishwa mwaka 1998.

Katika hadithi hiyo Tolkien hakumwahidi mtoto kwamba mbwa wa risasi atarudi, wala hakumwambia kwamba hakikuwa kitu cha kulilia. Alikipa kilichopotea maisha yake chenyewe, mbali na mikono ya aliyekipoteza. Ni tendo lilelile la Aulë na la mafundi wa Mlimani.

5.0 Mjadala

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba mafundi wote wanne wana ustadi na wote wana majonzi, lakini hawafiki mahali pamoja. Völund anarudia kile kile kwa ajili ya asiyekuwepo, na mwisho wake ni damu. Caleb anatengeneza kwa upendo lakini hataki kuachia, na upendo wake unakuwa gereza hadi ukweli unaposemwa. Geppetto anataka nakala, na anaokoka pale anapoipokea tofauti. Vibeti wa Erebor wanapita katika ukiwa wa vizazi kadhaa kabla mikono yao haijarudi kwenye kazi ya furaha. Kwa hiyo kurejea kwa kitu cha kuchezea si dawa ya msiba bali ni dalili kwamba uombolezaji umefanyika.

Pamoja na hayo, jambo moja linaweza kumgusa hasa msomaji aliyelelewa katika jamii za Waswahili. Wahusika watatu kati ya hawa huomboleza peke yao. Hakuna matanga katika nyumba ya Völund. Hakuna jamaa wanaolala kwa Geppetto, kumpikia na kumpokea pole. Karakana imechukua nafasi ya jamii, na kitu kilichochongwa kimelazimishwa kufanya kazi ambayo ingefanywa na watu. Pengine ndiyo sababu hubebeshwa mzigo kinaoshindwa kuubeba. Vibeti wa Tolkien wanatofautiana na hao kwa kuwa msiba wao ni wa kabila zima, nao wana desturi, nyimbo na kumbukumbu za pamoja. Uhakiki wa Kiswahili, wenye mazoea ya kuitazama mbolezi kuwa sanaa inayotekelezwa mbele ya watu na pamoja nao, una nafasi nzuri ya kuliona pengo hilo, ambalo huweza kumponyoka msomaji anayeuchukulia upweke wa mfiwa kuwa ndiyo hali ya kawaida.

6.0 Hitimisho

Makala hii imejadili mhusika ambaye aghalabu huwekwa pembeni mwa visa vya fantasia, yaani fundi mfiwa anayetengeneza vitu vya kuchezea, na imeonyesha kwamba karakana yake ni uwanja wa mapambano kuhusu maana ya kupoteza. Imedaiwa kwamba kinachotofautisha ufundi unaookoa na ufundi unaoangamiza si ustadi wala kina cha majonzi, bali ni majibu ya maswali matatu: kitu kinakusudiwa kuwa nani, ni kwa ajili ya nani, na je, kinaachiwa? Maswali hayo yanaweza kutumiwa nje ya fantasia ya Ulaya pia, popote ambapo mfiwa huonekana akishika patasi, sindano au kalamu. Kwa upande wa Tolkien, usomaji huu unapendekeza kwamba zawadi za watoto wa hobiti, zinazotajwa kwa sentensi chache katika sura ya kwanza ya riwaya ndefu, zisipitwe kama pambo la sherehe. Ndizo zinazoarifu, bila kishindo, kwamba chini ya Mlima ule watu waliofiwa wameanza tena kutengeneza vitu kwa ajili ya furaha tu.